Pua Si Shahidi

"Mkutano wa pombe uko wapi?" Arafa aliuliza pale kivukoni Garsen, na wanaume wote waliokuwa wakivuta kamba ya feri wakageuka kumtazama.

Kosa halikuwa lake peke yake. Jambo alilolitafuta halikuwa na jina. Alisikia tu, kutoka kwa mwanamke mmoja waliyefua naye mtoni, kwamba Garsen kuna watu walioshindwa na ulevi ambao hukutana kila Alhamisi wakasaidiana kuacha. Sasa jambo kama hilo utaliitaje? Yeye aliliita mkutano wa pombe, na mvuta kamba mmoja, kwa ukarimu wote aliojaliwa, akamwelekeza moja kwa moja hadi mangwe.

Mangwe yenyewe ilikuwa banda la makuti nyuma ya maduka, wanaume wamekaa chini na vibuyu vya tembo katikati ya magoti. Arafa, mke wa mtu, mwanamke wa Kulesa ambaye hata kucheka hucheka na leso mdomoni, akajikuta amesimama mlangoni pa mahali ambapo mama yake asingepita hata upande wa pili wa njia.

"Karibu, mama! Mkutano ndio huu," alisema mwenye mangwe, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. "Ila mwenyekiti amekwisha lala."

Wanaume wakaangua kicheko. Arafa akasema, "Natafuta wale wanaoacha."

Kicheko kikakatika. Mwenye mangwe akamtazama kama anayetazama mtu aliyekuja kumdai.

"Unamtaka Katana," akasema. "Alikuwa mgema wangu yule. Mto mzima huu hapana mgema kama yeye. Kaanguka kutoka juu ya mti wa mkoma, kavunjika mguu, kapona na hekima. Sasa ananichukulia watu wangu mmoja mmoja. Nenda zizi la mbuzi la Hirsi, Msomali. Na ukimwona, mwambie mikoma inamlilia."

Arafa akatoka mbio, uso unawaka. Kumtafutia mume dawa kumemfikisha mahali ambapo mume mwenyewe alikuwa akijua njia ya kwenda kwa macho yaliyofumbwa.

*

Lakini hakuwa na nafasi ya kuona haya. Binti yao, Mwanaarusi, alikuwa amechumbiwa, na harusi ilikuwa ikisubiri mpunga uvunwe tu. Mwalimu Shee, mtu wa Kipini aliyesomesha chuo cha Kurani pale Kulesa na kufunga ndoa zote za kijiji, alipita kwao asubuhi moja akakataa hata kukaa.

"Buya," alimwambia mumewe Arafa, "mwanao, walii wake wa kumuoza ni wewe. Lakini mlevi ni fasiki, na fasiki hawi walii. Mimi sijakuona kwa mato yangu, wala sijasikia kwa kinywa chako, wala sitaki kusikia. Nakwambia tu. Siku hiyo usiye ukanuka. Ukinuka, binti ataozeshwa na ami yake, Diba."

Buya akaitikia, "Inshallah, Mwalimu," kwa unyenyekevu mkubwa, na jioni ile ile akaenda kunywa ili aisahau aibu.

Hivyo ndivyo alivyokuwa Buya. Si mtu mbaya. Hakuwahi kumpigia mkewe kelele wala kumnyima mtoto. Alikuwa mkulima mzuri hadi alasiri, na alasiri ikiisha kupigwa adhana alikuwa hayupo. Hakuaga. Hakugombana. Alitoweka tu, kama mtu aliyeitwa msalani, na akarudi usiku akitembea kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai. Arafa alikuwa amechoka na uangalifu ule kuliko ambavyo angechoka na matusi.

"Niende nikakae na Mgiriama na Msomali," alisema Buya alipoambiwa habari za zizi, "niwaambie nini?"

"Kwamba unakunywa."

"Kwani hawajui?"

"Kama wanajua basi kazi yako imepungua. Twende."

"Ugonjwa gani unatibiwa kwa maneno, mama Mwanaarusi? Dawa hunywewa."

"Hiyo unayokunywa imekutibu?"

Buya akasema mguu unamuuma. Akasema mpini wa jembe umelegea. Akasema kuna kiboko ameonekana kwenye kona ya mto, na mtu mwenye akili hatoki na mtumbwi. Arafa alikwenda akakaa kwenye mtumbwi, akaweka upondo mapajani, akajifunika leso. Jua likampiga. Wapita njia wakamsalimu na kumwuliza anangoja nani, naye akawajibu kwa sauti ya kusikika mpaka nyumbani, "Namngoja baba Mwanaarusi! Amesema anakuja!" Akalisema hilo kwa kila aliyepita, mpaka Buya akaona heri kiboko.

*

Zizi la Hirsi lilizungushiwa miiba, na ndani yake, upande usio na samadi nyingi, kulikuwa na kivuli cha turubai. Hapo ndipo walipokaa. Miaka ile ya hali ya hatari, serikali ikiogopa viapo vya uasi, watu hawakuweza kukaa duara hivi hivi bila kuulizwa wanakula kiapo gani, kwa hiyo kila aliyekuja Alhamisi alikuja kama mnunuzi wa mbuzi. Walikutana baada ya alasiri, saa ambayo wagema huteremsha tembo bichi na koo la mlevi huanza kumwita kwa jina. Darmi, mke wa Hirsi, aliwakaangia buni kwenye samli wakatafuna, kwa kuwa mkono wa mlevi ukikosa cha kushika hutafuta balaa. Arafa alikaa naye jikoni, akisikia kila kitu.

Katana alikuwa mwembamba, mguu mmoja umepinda. "Hapa hakuna mwalimu, hakuna mzee," alisema. "Hapa kila mtu anafua nguo yake. Ya mwenziwe asiguse. Hirsi, anza."

"Mimi jina Hirsi," alisema Hirsi, mtu mrefu mwenye ndevu za hina. "Mimi naenda Burma na Keya, jeshi la Mwingereza. Serikali inatupa ramu kila siku, inasema ni dawa ya baridi. Narudi na medali na kiu. Medali inapotea. Kiu haipotei. Leo sijakunywa."

"Leo hujanywa," waliitikia wenzake.

Ikafika zamu ya Buya. Akakohoa. Akavuta kanzu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyepata pa kuponea:

"Mimi kaka yangu Diba anakunywa sana."

"Diba yuko hapa?" aliuliza Katana.

"Hayuko. Lakini anakunywa kuliko mimi. Yeye hujificha, hutafuna karafuu, watu wanadhani—"

"Nguo ya Diba tuachie Diba. Yako iko wapi?"

Buya akasema yake haina uchafu mwingi. Kule jikoni, Arafa alishika kichwa kwa mikono miwili. Darmi akamsukumia kikombe cha chai. "Wote wanaanza hivyo," alisema. "Huyu wangu mara ya kwanza alilaumu Wajapani."

Wakati wa kurudi, Arafa alisimama kununua chumvi. Alipogeuka Buya hakuwepo. Alimpata mangwe, anachekelewa, kibuyu mkononi, akieleza wenzake kwa furaha jinsi mkutano ulivyokuwa mzuri. Jioni ile mwanamke ndiye aliyesukuma upondo na mwanamume alilala ndani ya mtumbwi akiimba, na kila waliyepishana naye mtoni aliona. Arafa alisukuma huku machozi ya hasira yanamtiririka. Alimwomba Mungu amtoe kiboko, kisha akamwomba asimtoe, maana harusi ingekosa hata baba huyo mlevi.

Alhamisi iliyofuata alikaa tena kwenye mtumbwi.

*

Ilitokea polepole, wala haikutokea kwa uzuri. Buya alikwenda akanyamaza. Akaenda akasinzia. Akaenda akaondoka katikati. Akakaa siku kadhaa hajanywa, mikono ikitetemeka hata mbegu zikamwagika, akanywa tena, akaenda tena. Katana hakumsifu wala hakumkemea, alimwambia tu, "Kaa." Mpunga ulipoanza kupinda vichwa, Arafa aliamka usiku mmoja akamwona mumewe amekaa kitandani, jasho linamtoka, yuko nyumbani. Hakuamini. Alimnusa kama mama anavyomnusa mtoto mchanga. Hakuwa na harufu ila ya mtu.

Kisha ikaja Alhamisi ile. Buya alikaa kimya mpaka wote wakamaliza, halafu akasimama, jambo ambalo hapana aliyewahi kulifanya pale, akasema kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika:

"Mimi Buya wa Kulesa. Mimi ni mlevi. Nimekunywa tangu mwanangu hajazaliwa, na sasa anaolewa. Leo sijanywa."

Arafa kule jikoni akajikuta analia. Na upande wa pili wa miiba, ambako mbuzi walikuwa wakioneshwa wateja, mwanamke mmoja aliachia sikio la beberu alilokuwa amelishika.

"Astaghafirullah!"

Alikuwa Kibibi, shangazi wa bwana arusi. Alikuja kuchagua mbuzi wa harusi. Mbuzi alimwacha, maneno akayachukua, na yalifika Kulesa kabla ya mtumbwi wa Buya.

*

Mwalimu Shee safari hii alikaa. Alikaa na akavua kofia, akajipepea nayo, amekasirika kweli kweli.

"Buya, ulikunywa miaka. Nilikusitiri au sikukusitiri?"

"Ulinisitiri, Mwalimu."

"Watu waliniya hapa wakanambia wamekuona umelala njiani. Niliwaambia ana homa. Muyi mzima ukaambiwa Buya ana homa. Sasa umewata—"

"Nimeacha, Mwalimu. Tangu mpunga—"

"Najua umewata! Hilo ndilo linaloniudhi! Ulipokuwa ukinywa, palikuwa na uvumi tu. Sasa huna harufu, u mzima, umeupata uongofu, unakwenda kusimama katika zizi la mbuzi unakiri kwa kinywa chako mbele ya mashahidi! Hiyo ni ikirari. Wakwe wameniya. Wanasema hawataki binti aozeshwe na mlevi aliyekiri."

"Lakini ametubu," alisema Arafa kutoka mlangoni. "Mwenye kutubu si sawa na asiye na dhambi?"

"Nimewaambia wakwe hivyo. Wakaniuliza, ametubu hatarudia kabisa?" Mwalimu akamgeukia Buya. "Hutarudia?"

Hapo ndipo mtu mwingine yeyote angesema wallahi sitarudia, na mambo yakaisha. Buya alitazama mikono yake.

"Leo sirudii, Mwalimu. Kesho niulize kesho."

"Mola wangu!" Mwalimu akapiga kofia gotini. Alipumua, akashusha sauti. "Sikiza. Kuna njia. Siku ya harusi nitakuuliza mbele za watu, je, maneno ya Kibibi ni kweli au ni uzushi? Wewe sema uzushi. Neno moja. Kibibi anajulikana kwa maneno, watu wataguna, watasema alhamdulillah, nawe utamuoza mwanao. Ukisema kweli, anamuoza Diba."

Alipokwisha kwenda, Arafa alimsimamia mumewe kichwani.

"Utasema uzushi."

"Nikisema sijawahi kunywa," alisema Buya, "nitakuwa nimeacha nini?"

"Utasema! Miaka umenidanganya mimi bila shida. Ulitoka kwenda kunywa ukasema unakwenda kuwinga ndege wa mpunga usiku! Ndege wa usiku, Buya! Leo uongo mmoja wenye faida ndio unakushinda?"

Buya akajilaza, akageukia ukutani. Arafa hakulala.

*

Harusi ilifana. Wanaume walijaa uani juu ya majamvi, bwana arusi katikati, anatoka jasho ndani ya kanzu mpya. Wanawake walikuwa ndani na Mwanaarusi, aliyefunikwa kanga mpaka puani. Mwalimu Shee akasafisha koo.

"Kabla ya yote, yamesemwa maneno juu ya baba wa binti. Buya, mbele ya watu hawa, maneno yale ni kweli au ni uzushi?"

Alitamka "uzushi" polepole na kwa sauti nzuri, kama mwalimu anayemwonjesha mwanafunzi jibu. Ndani, Arafa alishika fremu ya mlango. Alimwona mumewe akimtazama bwana arusi, kisha chini.

"Ni kweli," alisema Buya. "Nilikuwa nakunywa. Sasa nimeacha."

Watu wakaguna. Mwalimu akafumba macho. Buya akainuka penye jamvi la mbele, akaenda kukaa nyuma kabisa, penye viatu. Aliketi katikati ya makubazi ya wageni siku ya harusi ya mwanawe wa pekee, na hakuna aliyemsogelea.

Diba akaja mbele. Alikuwa mkubwa wa Buya, ameshiba, kilemba safi. Kwanza akaja mlangoni na mashahidi kuchukua ridhaa ya mwari, na alipofungua mdomo kumwuliza, Arafa akapigwa na karafuu, na nyuma ya karafuu tembo la asubuhi, bichi, tele.

Mwari akiulizwa, ukimya wake ndio ridhaa. Mwanaarusi alinyamaza. Alinyamaza akilia, lakini kulia kwa mwari nako ni desturi, kwa hiyo mashahidi waliridhika.

Arafa alizunguka nyuma ya nyumba mpaka penye viatu, akainama kwenye sikio la mumewe. "Ndugu yako amelewa. Sasa hivi. Simama useme."

"Nimesikia harufu," alisema Buya.

"Basi sema!"

"La."

"Kwa nini, kwa nini, baba Mwanaarusi, wewe ulimi wako hukukata mwenyewe tu?"

"Nguo ya Diba aifue Diba," alisema Buya. Mbele, Diba alikuwa ameshika mkono wa bwana arusi.

"Nimekuoa—" alianza Diba.

Bwana arusi akatoa macho.

"Nimekuoza," alisema Mwalimu kwa haraka. "Za. Nimekuo-za."

"Nimekuo... nimekuoa Mwanaarusi—"

"Za, Diba, za!"

Mara ya tatu ikatoka. Bwana arusi akakubali mbio mbio kabla haijaharibika tena, watu wakaitikia amina, vigelegele vikalipuka. Arafa akamsubiri Mwalimu penye mtungi wa maji, na hakumsalimu.

"Mwalimu, umesikia harufu ya yule?"

Mwalimu Shee alinawa uso pole pole. Alikuwa amezeeka tangu asubuhi. "Kwa kinywa chake sikusikia kitu."

"Na pua je?"

"Pua si shahidi, Arafa," alisema, na hakuweza kumtazama.

*

Alasiri wakwe walimchukua bibi arusi. Alipofika kwa baba yake kuomba radhi, Mwanaarusi alipiga magoti, akainua kanga kidogo.

"Neno moja tu, baba," alisema. "Ungelisema kwa ajili yangu."

"Radhi unayo, mwanangu. Yote," alisema Buya. La pili hakuwa nalo. Binti akangoja, akaona haliji, akajifunika, akaenda.

Ua ukabaki na sufuria, majamvi na nzi. Arafa alikuwa akikusanya vyombo kwa kelele, akivigonganisha makusudi. Amekosa yeye mwenyewe. Ndivyo alivyoona. Alimkokota mtu huyu zizini ili amuoze mwanawe, na zizi lile lile ndilo lililomnyang'anya. Angemwacha alewe na ajifiche, leo angekaa jamvi la mbele akitafuna karafuu kama watu wa heshima.

Buya alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha nyuma. Kwa mbali, upande wa mikoma, mgema alikuwa akiimba anashuka.

"Mama Mwanaarusi," Buya aliita. "Nataka kunywa."

Sufuria likamtoka Arafa mkononi. "Siku ya harusi ya mwanao! Baada ya yote haya! Huna haya, huna—"

Akakwama hapo. Miaka yote ile mtu huyu alikuwa ametoweka bila kusema neno. Arafa alikuwa akijua kwa kitanda kitupu, kwa mlango, kwa harufu. Leo amemwambia, na bado amekaa. Kanzu yake ilikuwa inatetemeka magotini, na alikuwa ameshika ukingo wa kibaraza kwa mikono yote miwili kama mtu aliye juu ya mti.

Arafa akaliacha sufuria lilipoangukia. Akaja, akaketi kando yake, kwa kishindo, kwa sababu hasira ilikuwa bado haijamwisha.

"Unataka sana?"

"Sana."

"Basi tukae."

Wakakaa. Wimbo wa mgema ukapita nyuma ya mashamba. Kisha wakasikia mtu anajikwaa kwenye vyombo, na Diba akatokea pembeni mwa nyumba, kilemba mkononi, macho yamemwiva. Hakukaribia. Alisimama akikikunja na kukikunjua kilemba.

"Uliisikia harufu yangu," alimwambia mdogo wake.

"Niliisikia."

"Na hukunitaja."

Diba akafuta uso kwa kilemba, kile cha harusi, akaufuta tena. Alitaka kusema jambo na halikutoka, kama lilivyokataa lile la asubuhi.

Arafa alimtazama mtu huyu aliyekaa mahali pa mumewe. Kama angekuwa na upondo karibu angemshindilia nao. Badala yake akajisogeza, akaacha nafasi kwenye kibaraza.

"Haya, kaa," akasema. "Lakini usinipumulie."